KADARI YA ALLAH NA BREKI ZA AJUZA



Ndugu zangu, wiki iliyopita kijana mmoja wa huku kwetu Mtwara aliniandikia faraghani. Ameachiwa na marehemu baba yake Land Cruiser ya zamani, ya gia nne. Sasa amepata giaboksi ya gia tano kwa bei ya kuridhisha, akaniuliza mambo mawili. Kwanza, je, kulitia gari kuukuu pesa nyingi namna hiyo si israfu? Pili, fundi kamwambia breki nazo zimechoka, lakini pesa haitoshi kwa kazi zote mbili. Je, aanze na giaboksi, breki zisubiri msimu wa korosho?

La kwanza ni jepesi. Gari likikusaidia kutafuta riziki ya halali na kubeba wazazi, kulitengeneza si israfu hata likiwa na umri kukuzidi. La pili nilimjibu kwa neno moja: hapana. Akashukuru, akaniombea dua, yakaisha.

Lakini mimi hayakuniisha. Usiku nilijiona nimemjibu kama mtu mwenye elimu, na ukweli ni kwamba nilimjibu kama mtu mwenye deni. Wengi wenu mnanijua kwa darsa tu. Wazee wachache wa Mikindani wanaijua habari ya pikapu yetu, na wamenisitiri miaka yote, Allah awasitiri. Najua mtaniambia kuwa mja akisitiriwa aibu yake asiifichue. Ni kweli, ndugu yangu. Ila hapa pana haki ya mtu, na mwenye haki yake ndiye aliyeniambia, "Iseme, Maalim, watu wapone." Basi naisema.

Jamaa wa msikiti walikuwa na Land Cruiser pikapu ya mwishoni mwa miaka ya 1970, iliyonunuliwa kwa michango. Watoto wa madrasa wakaipa jina la Ajuza, kwa sababu ilikuwa ikikohoa asubuhi kabla ya kusimama. Ilibeba maiti, ilibeba wajawazito usiku wa manane, ilibeba misahafu kwenda vijijini hadi Kilambo na Mahurunga. Gia nne, breki za drami magurudumu yote manne. Ndivyo zilivyokuwa nyingi za zama hizo, na Land Rover 109 za wakati ule ni hivyo hivyo.

Sisi watu wa pwani tunajua chumvi inavyokula chuma. Ajuza ilikuwa ikienda Msimbati, inapita kwenye mchanga wa baharini, inarudi inalala Mikindani mita chache tu kutoka kwenye maji. Mabomba ya breki ni membamba kama penseli. Siku moja tukitoka maziko Msimbati, silinda ya gurudumu la nyuma kushoto ikaanza kuvuja. Fundi tuliyekuwa naye akaikunja bomba yake, akaigonga kwa nyundo mpaka ikaziba, tukaongeza mafuta ya breki, tukatoa upepo, pedali ikapanda. "Hii ya kutufikisha nyumbani tu," alisema, na alisema kweli kwa upande wake. Ni mimi niliyeiacha ikae mwaka mzima na zaidi. Gari la msikiti, linabeba waja wa Allah, linashika breki kwa miguu mitatu.

Na msiseme sikujua. Kabla sijaenda kusoma dini nilikaa gereji miaka mitatu nikishika spana. Nilijua vizuri sana.

Kisha kheri ikaja. Mama mmoja mwenye asili ya Mikindani, anaishi Muscat, akatuma pesa kwa ajili ya Ajuza. Aliambatanisha ujumbe wa sauti mfupi, bado ninao kwenye simu. Alisema pesa hii ni ya gari, liwe salama kwa watu. Hayo tu. Ndugu yangu, katika fiqhi sharti la mwenye kutoa huheshimiwa, maadamu haliendi kinyume na sheria ya Allah. Na sharti lake lilikuwa wazi kama mchana.

Fundi wetu, na huyu naye Allah amlipe, akaniwekea kazi mbili mezani. Ya kwanza, breki: diski za mbele, masta mpya, mabomba mapya yote, silinda mpya nyuma. Ya pili, giaboksi ya gia tano ile ya H55F, ambayo Toyota walianza kuifunga kwenye Cruiser za miaka ya 1980. Pesa inatosha moja. Akaniambia, "Maalim, ningekuwa mimi ningeanza na breki." Nikamwambia breki zipo, tutazirudia.

Kwa nini nilisema vile? Nilijiambia ni dizeli. Hesabu yenyewe ni nzuri na ndiyo inayowavutia vijana, ngoja niieleze. Katika giaboksi ya zamani gia ya nne ni moja kwa moja, injini ikizunguka mara moja, propela inazunguka mara moja. Gia ya tano ya H55F ni kama 0.845, yaani injini haijamaliza mzunguko mmoja, propela imeshamaliza wake. Kwa hiyo mwendo ule ule wa injini uliokuwa ukikupa kilomita 80 kwa saa, sasa unakupa karibu 95. Injini imetulia, kelele imepungua, mnaongea ndani ya gari bila kupiga kelele.

Hiyo ndiyo hesabu niliyoipenda. Hesabu ya pili sikuifanya. Nguvu inayopaswa kuzimwa na breki haiongezeki sawa na mwendo, inaongezeka kwa mraba wake. Kutoka 80 hadi 95 mwendo umeongezeka chini ya asilimia 20, lakini joto linaloingia kwenye breki mkisimama limeongezeka kwa takriban asilimia 40. Nahodha yeyote wa hapa Mikindani angenicheka: umeongeza tanga, nanga ni ile ile, na kamba yake imeoza.

Na dizeli yenyewe, wallahi, haikuwa sababu kubwa. Sababu kubwa ni kwamba giaboksi watu wanaiona. Unaingiza tano, abiria anageuka anakutazama. Bomba jipya la breki nani atakusifu nalo?

Kuna jambo jingine dogo ambalo lilikuja kuwa kubwa. Kwenye Cruiser nyingi za zamani, na Land Rover pia, hendibreki haiko kwenye magurudumu. Ni drami moja iliyofungwa nyuma ya transifa, inashika propela. Sisi tulichukua giaboksi pamoja na transifa yake kutoka gari la miaka ya baadaye, ambalo hendibreki yake inafanya kazi kwenye magurudumu ya nyuma. Tulipoitoa transifa ya zamani tukaitoa na hendibreki yake. Mkono wake ukabaki pale ndani ya kabini kama pambo. Fundi akasema tutavuta waya mpya. Nikasema tutavuta.

Siku chache kabla ya Ramadhani tukapakia mchele, maboksi ya tende na misahafu, tukaondoka Mikindani alfajiri. Dua ya safari tuliisoma. Wawili mbele, watano nyuma juu ya mizigo. Miongoni mwa waliokaa nyuma alikuwa muadhini wetu, mzee wa zaidi ya miaka 60, aliyekataa kukaa mbele akisema mbele akae mwenye kwenda kusomesha.

Anayeijua Newala anajua mji ule umekaa ukingoni kabisa mwa uwanda wa Makonde. Ukisimama pale Shimo la Mungu, bonde la Ruvuma liko chini ya miguu yako na ng'ambo yake ni Msumbiji. Vijiji tulivyokuwa tukivipelekea futari viko chini bondeni. Tukaswali Dhuhuri Newala, tukaanza kushuka.

Zamani Ajuza ilikuwa ikishuka mteremko ule kwa gia ya pili, injini inalia mpaka unaionea huruma. Kilio kile ndicho kilichokuwa kikitushikilia. Siku ile nilikuwa kwenye gia ya nne, laini, nikishikilia mwendo kwa mguu tu. Baada ya kona ya tatu au ya nne nikasikia harufu. Aliyewahi kuisikia haisahau, kama kitambaa na chuma vinaungua pamoja. Pedali ikaanza kushuka. Nikapampu, ikarudi nusu. Nikapampu tena, ikaenda hadi chini kabisa, nyepesi, kama kukanyaga sifongo. Nikajaribu kuingiza gia ya pili, ikakataa kwa sababu mwendo umeshakuwa mkubwa. Nikavuta hendibreki. Mkono ukaja wote juu bila kushika kitu.

Niliielekeza kwenye ukuta wa udongo upande wa mlima. Alhamdulillah gari lilisimama na halikupinduka. Lakini mizigo ilikuja mbele yote kwa pamoja, na magunia ya mchele yakamwangukia muadhini mguuni.

Hakufa mtu. Mguu ulivunjika sehemu mbili, ukaungwa, ukawa mfupi kuliko mwenzake. Hakupanda tena ngazi za kuadhinia mpaka leo.

Siku ya tatu nilikwenda kumkagua hospitali. Nikakaa pembeni ya kitanda, nikashika mkono wake, nikamwambia maneno ambayo nimewaambia mamia ya wagonjwa na wafiwa. Nikamwambia, "Subira, mzee wangu. Ni kadari ya Allah." Akanyamaza kwa muda. Kisha akaniambia kwa sauti ndogo, bila hasira:

"Kadari ya Allah nimeipokea, nimeridhia. Lakini breki zilikuwa zako, mwanangu. Hizo unampa nani?"

Ndugu yangu, mimi nilikuwa nimesomesha mlango wa kadari miaka kumi. Siku ile ndiyo niliyosomeshwa.

Hebu tulia hapa kidogo, maana hapa ndipo wengi wetu tunapoteleza. Wanavyuoni wamebainisha kwamba kadari hutajwa mbele ya msiba ili moyo utulie. Haitajwi mbele ya kosa ili mkosaji apumzike. Yule mzee alikuwa na haki ya kusema ni kadari, kwa sababu yeye ni mwenye kupatwa. Mimi niliyasema maneno yale yale nikiwa mwenye kusababisha, na kinywani mwangu hayakuwa imani tena, yalikuwa maficho.

Mnaikumbuka safari ya Sayyidna Umar (r.a.) kwenda Sham? Alipofika mahali panapoitwa Sargh akapewa habari kuwa kuna tauni mbele. Akashauriana na watu, akaamua kurudi. Abu Ubayda (r.a.) akamuuliza, je, anaikimbia kadari ya Allah? Umar akamjibu kwamba naam, wanatoka kwenye kadari ya Allah kwenda kwenye kadari ya Allah, na akampigia mfano wa mwenye ngamia aliyefika bondeni penye upande wa majani na upande mkavu. Akimlisha huku au kule, kote ni kadari, lakini mchungaji anachagua. Mimi nilipewa bonde lenye pande mbili, na fundi akaninyooshea kidole upande wa majani.

Na dhamana je? Mtume (s.a.w.) ametufundisha kuwa anayejifanya tabibu na hajulikani kwa utabibu, akadhuru, yeye ni mdhamini. Masahaba nao, na Sayyidna Ali (r.a.) ametajwa katika hilo, waliwatoza mafundi dhamana ya vitu vya watu vilivyoharibika mikononi mwao, kwa kuwa bila hivyo mali za watu zingepotea. Kutokukusudia kunamwondolea mtu dhambi ya kukusudia. Hakumwondolei deni la mguu wa mwenzake. Na lau mzee angefariki, pangekuwa na diya, na kafara ya kufunga miezi miwili mfululizo. Ninyi mnaoendesha magari ya abiria mmewahi kuihesabu miezi hiyo?

Basi nikasimama msikitini baada ya Isha nikawaeleza jamaa yote, bomba lililozibwa, hendibreki, na amana ya mama wa Muscat. Nikampigia naye. Alikaa kimya muda mrefu mpaka nikadhani simu imekatika, kisha akasema ya kwake amesamehe, ila ya mzee yako kwa mzee. Wazee wakakaa, wakakadiria. Mavuno yangu ya korosho ya misimu miwili yalikwenda kwa muadhini na kwenye kurudisha pesa ya breki. Bi mkubwa wangu hakulalamika mbele yangu.

Sasa nirudi kwako kijana, na wenzako wote wenye magari haya, maana neno "hapana" peke yake halikutoshi.

Giaboksi yako ifunge kwenye gunia, iweke kona ya ghala. Haiozi. Anza na mabomba: kwetu huku, bomba lenye kutu usilipake rangi, litoe. Ukitaka diski mbele, wengi wanachukua vichwa vya ekseli ya mbele kutoka Cruiser 60, pamoja na kalipa zake za pistoni nne kila upande, na ni kazi nzuri. Lakini usiishie hapo ukasema nimefunga diski. Masta ya zamani ilitengenezwa kwa ajili ya drami. Ndani yake kuna vali ndogo inayobakiza presha kidogo kwenye bomba, na drami inaipenda presha hiyo. Diski haiipendi. Pedi zitabaki zimegusa muda wote, zitachemka, na utapata breki mbaya kuliko ulizotupa. Pia kalipa zinakunywa mafuta mengi kuliko silinda za drami, kwa hiyo masta ndogo itakupeleka pedali chini. Na diski haijivuti yenyewe kama drami, inataka busta. Kwa hiyo ni diski, masta na busta pamoja, au usianze.

Drami za nyuma nazo uzijue. Zikipata joto ngoma inatanuka inakimbia viatu vyake, ndiyo maana mguu unashuka. Na mafuta ya breki yananyonya maji kutoka hewani, na hewa yetu ya Mikindani mnaijua. DOT 3 ikiwa mpya haitakiwi kuchemka chini ya nyuzi 205. Ikishanyonya maji ya asilimia 3 na ushee, kiwango kinaruhusiwa kushuka hadi 140. Yakichemka yanatoa mvuke, na mvuke unabonyea. Ile sifongo niliyoikanyaga Newala ilikuwa mvuke. Badilisha kila miaka miwili, na atakayekuongezea oili ya injini au dizeli humo kwa kukosa mafuta ya breki, mnyang'anye ufunguo wa gari, maana mipira yote itavimba.

Wale mnaopenda kuinua gari kwa springi na matairi makubwa: tairi kubwa linaishinda breki nguvu, na spidomita inaanza kukudanganya. Na kama gari lako lina ile vali ya nyuma inayosoma mzigo kwa fimbo iliyoungwa kwenye ekseli, ukiinua mwili wa gari vali inadhani gari ni tupu, inainyima breki gari likiwa limejaa. Mwambie fundi airekebishe.

Ukishamaliza hayo, ukajaribu mteremkoni ukiwa na mzigo, ndipo ulitoe gunia lako ghalani. Propela zipimwe upya, maana giaboksi mpya inaisogeza transifa. Na kabla hamjaitupa ya zamani, uliza hendibreki iko wapi.

Na wewe fundi unayesoma hapa, ukiziba bomba barabarani, andika kwa mkono wako kwenye dashibodi kwamba gurudumu fulani halishiki, mwenye gari na atakayeazimwa wote waone. Na muuzaji hivyo hivyo. Mtume (s.a.w.) alipoingiza mkono kwenye lundo la nafaka sokoni akakuta ndani pamelowa, muuzaji akasema ni mvua. Akamuuliza kwa nini hakuweka iliyolowa juu watu waione. Stika ya usalama barabarani kwenye kioo isikutoshe, ndugu yangu. Ajuza ilikuwa nayo siku ile ile.

Ajuza bado ipo. Ina diski mbele, mabomba mapya, hendibreki inashika, na gia ya tano bado iko palepale. Kila mwezi nampeleka mzee kliniki, na mara mojamoja tunakwenda naye Newala kwa ndugu zake. Siku hizi anakaa mbele, amekubali. Tukifika pale mteremko unapoanza hunyamaza mazungumzo yote, hata kama yalikuwa matamu.

"Tatu, Maalim," anasema.

"Tatu, mzee wangu."

Anasikiliza injini kidogo.

"Mbili."